Neno "Cartographer" na Watu Walio Nyuma ya Ramani

Mtu akishuka katika basi pale Samburu, katika njia kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, baada ya kuzipita Mazeras, Mariakani na Maji ya Chumvi, akauliza ni nani atengenezaye ramani, yamkini atajibiwa kwa neno moja tu: saveya. Asimamishaye mabikoni kwenye pembe za shamba ni saveya. Atazamaye kwa darubini ya miguu mitatu ni saveya. Aliyeketi ofisini Nairobi akichora mistari ni saveya, na hata kijana apitaye na simu mkononi akitia alama penye visima na mashule, naye ni saveya. Kiingereza hakisemi hivyo. Kina jina kwa kila mmoja wao, na mojawapo la majina hayo, "cartographer", halijulikani sana kwetu, ingawa kazi ya mwenye jina hilo imeigusa nchi ya Waduruma mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Na kwa kuwa ardhi ndiyo mali ya kwanza ya mtu wa Kwale, na kosa la jina laweza kumfanya mtu amlipe fedha asiyeweza kumtimizia haja yake, tumeona vema kulieleza neno hili kwa urefu kidogo.

Kwanza namna ya kulitamka. Waingereza hutia mkazo katika silabi ya pili, hivi: kaTOgrafa. Asemaye KAtografa, akikaza mwanzo kama neno "karatasi" lingekuwa la Kiingereza, ataeleweka, lakini hatasikika vizuri. Kazi yenyewe huitwa "cartography". Yule mwenye kuifanya huongezewa "-er" mwishoni, kama sisi tuongezavyo "m-" mwanzoni tunapotoa "mpishi" katika "pika".

Asili ya neno hili inatuhusu kuliko inavyoonekana. Sehemu yake ya pili yatoka katika Kiyunani na maana yake ni kuandika au kuchora. Sehemu ya kwanza pia ni ya Kiyunani, "khartes", yaani jani la kuandikia lililotengenezwa kwa mafunjo ya Misri. Neno hilo la jani lilisafiri sana, na kwetu lilifika kwa njia mbili. Waarabu walilichukua wakasema "qirtas", nasi kwao tukapata "karatasi". Walatini na baada yao Wareno wakasema "carta", nasi kwa Wareno tukapata "karata", zile za kuchezea. Basi "cartographer", karatasi na karata ni watoto wa babu mmoja, nao wamekutana tena katika pwani hii baada ya kupotezana miaka mingi.

Hata hivyo, neno lenyewe si la kale. Mreno mmoja mwanachuoni, Viscount wa Santarém, aliandika katika barua ya mwaka 1839 kwamba yeye ndiye aliyelibuni jina la elimu hiyo. Wachunguzi wa baadaye wameona athari za neno hilo kabla yake, lakini wote wakubali kwamba ni la karne ya 19. Kabla ya hapo watu walichora ramani kwa karne nyingi pasipo kuwa na jina hili. Na "map" nalo? Hilo latoka katika "mappa" ya Kilatini, nayo ilikuwa kitambaa, kama kile cha mezani, kwa sababu picha za dunia zilichorwa juu ya kitambaa.

Neno letu wenyewe, "ramani", ni la heshima zaidi kwa maoni yangu, kwa kuwa halikutokana na kitambaa wala jani, bali limetokana na kazi. Asili yake ni Kiajemi, "rahnama", maana yake kionyesha njia. Manahodha wa Ghuba na wa Bahari ya Hindi waliita "rahmani" kile kitabu chao cha safari, kilichoandikwa nyota za kufuata, pepo za misimu, miamba ya kuepuka na bandari za kutia nanga. Ahmad ibn Majid wa Julfar, bahari mashuhuri wa karne ya 15, alivitaja vitabu hivyo katika maandishi yake. Ramani ya kwanza ya watu wa pwani, basi, haikuwa picha. Ilikuwa maneno, na mwenye kuitunga alikuwa ni yule yule mwenye kushika usukani.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na "cartographer". Yeye si lazima asafiri. Mwenye kwenda mahali, akatazama na kupima, Waingereza humwita "surveyor", neno lililotoka katika Kifaransa cha zamani, maana yake kutazama kutoka juu au kutazama pote. Huyo hurudi na hesabu: marefu, pembe, na kimo cha vilima. Hesabu hizo humfikia "cartographer", naye huketi mezani akaamua ni nini kitiwe katika karatasi na ni nini kiachwe, barabara iwe nene kiasi gani, mto uwe wa rangi gani, na kila mahali paandikwe kwa jina gani. Mmoja hutumia miguu na macho, na wa pili hutumia mkono na hukumu. Mara nyingine kazi mbili hizo hufanywa na mtu mmoja, lakini hata hivyo ni kazi mbili. Tena yuko wa tatu, "hydrographer", ambaye hushughulika na bahari tu. Kapteni William Owen wa jeshi la maji la Uingereza alikuwa wa aina hiyo alipoipima pwani ya Afrika kwa merikebu zake katika miaka ya 1820. Bandari ya Reitz, iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Mombasa, yabeba hata leo jina la afisa wake mmoja kijana aliyefariki mwaka 1824. Kuwa karibu na achoraye ramani ni njia moja ya kukumbukwa!

Samburu imewaona watu wa aina hizi wakipita. Katika miaka ya 1891 na 1892 Kapteni Macdonald alitoka Mombasa na msafara wake kutafuta njia ya reli mpaka Ziwa Viktoria. Wale walikuwa masaveya kwa maana kamili ya neno: walipima kila mwinuko na kila bonde, kwa sababu gari la moshi haliwezi kupanda mlima kama punda. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, reli ikapita Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu na Taru, ikafika ziwani mwaka 1901. Zamani hizo chombo maarufu cha mpimaji wa Kiingereza kilikuwa mnyororo, wenye urefu wa futi 66 kamili. Minyororo 80 ilifanya maili moja, na eneo la mnyororo mmoja kwa kumi lilikuwa ekari moja. Msomaji anayejiuliza kwa nini ekari ina yadi za mraba 4,840, hesabu isiyopendeza hata kidogo, na azidishe 22 kwa 220, kwani mnyororo mmoja ni yadi 22. Waliouburuta mnyororo huo katika miiba walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa, na majina yao hayakuandikwa katika pembe ya ramani.

Lakini nikitakiwa kutoa mfano mmoja wa kuonyesha "cartographer" ni nani, nitakwenda Rabai, si mbali na Samburu. Wamisionari Rebmann na Erhardt walikaa huko katikati ya karne ya 19. Bwana Rebmann alikuwa amekwenda kwa miguu mpaka akauona mlima Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848, na wakubwa wengine wa Ulaya walimcheka waliposikia habari ya theluji karibu na ikweta. Bwana Erhardt hakwenda mbali hivyo. Alikaa Tanga kwa miezi mwaka 1854, akawauliza watu wa misafara waliotoka bara: Umefika wapi? Ulitembea siku ngapi? Uliona nini? Wote walimjibu kwamba mwisho wa safari kuna maji makubwa. Waliofuata njia ya kusini walisema maji. Waliofuata njia ya kati walisema maji. Na waliokwenda kaskazini nao wakasema maji. Bwana Erhardt akaketi na karatasi yake, akaona jambo hili lina maana moja tu, akachora bahari moja ya ndani, ndefu na nene, mfano wa konokono asiye na gamba. Ramani hiyo ilipochapishwa Ulaya katika miaka ya 1855 na 1856 watu wakashangaa, na chama cha wanajiografia cha London kikawatuma Burton na Speke kwenda kuhakikisha. Mwaka 1858 wakaliona Ziwa Tanganyika, na baadaye mwaka huo huo Speke akaliona Ziwa Viktoria.

Konokono wa Erhardt hakuwako. Yalikuwako maziwa matatu yaliyoungamanishwa kwa kalamu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Walakini tusimcheke upesi. Wasafiri waliomwambia habari walisema kweli, kila mmoja juu ya maji yake. Kosa lilitokea mezani, pale kweli tatu zilipofanywa kuwa moja. Huo ndio uzito wa kazi ya "cartographer", na ndiyo sababu Kiingereza kimempa jina lake mwenyewe mbali na lile la "surveyor".

Uzito huo haumo katika mistari tu, bali umo katika maneno pia. Tazama ramani za zamani za sehemu hii, utaona nchi iliyo kati ya Samburu na Voi imeandikwa kwa Kiingereza kuwa ni Jangwa la Taru. Wageni waliopita humo na mizigo, wakiona kiu, walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini Mduruma aliyechunga ng'ombe wake humo hakuiita jangwa. Kwake ni nyika, yenye majira yake ya malisho na mahali pake pa kupata maji kwenye miamba mvua zikinyesha. Neno "jangwa" humwambia asomaye ramani akiwa mbali kwamba hapa hapana mwenyewe. Na asomaye akiwa mbali ndiye aliyekuwa akitunga sheria: sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915 ziliihesabu nchi kubwa kuwa ni mali ya Mfalme wa Uingereza, na ile ya 1915 ilitia humo hata ardhi iliyokaliwa na wenyeji. Sisemi kwamba neno moja la mchoraji ndilo lililofanya hayo yote. Nasema kwamba karatasi iliyoandikwa "jangwa" haikuwa na kitu cha kumzuia mtunga sheria. Vivyo hivyo mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana, mstari ulivutwa moja kwa moja kutoka mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, mpaka Ziwa Jipe. Watu wa pande zote mbili za mstari hawakuulizwa, na waliouvuta hawakuwa masaveya wala wachoraji, bali wanasiasa wenye rula.

Sasa tuje kwenye mambo ya siku hizi, kwani hapa jina lagusa mfuko wa mtu.

Katika Kenya, kupima ardhi kwa ajili ya kuandikishwa hati ya kumiliki si kazi ya kila mwenye chombo. Sheria ya upimaji inaitaka ifanywe na mpima wa Serikali au mpima mwenye leseni iliyotolewa na bodi ya wapima ardhi. Mtu anaweza kuwa fundi hodari sana wa kuchora ramani kwa kompyuta, akaitwa "cartographer" kwa haki kabisa, lakini asiwe na ruhusa ya kugawanya shamba la marehemu baba yako kati yako na nduguzo. Mchoro wake utapendeza ukutani, na katika ofisi ya ardhi hautapokewa. Vile vile yuko "quantity surveyor", ambaye kwa jina ni saveya, lakini kazi yake ni kuhesabu gharama za majengo, wala hapimi mipaka. Kwa hiyo anayetaka kugawa ardhi asiulize tu, "Wewe ni saveya?" Aulize, "Una leseni ya kupima ardhi?" kisha aombe kuiona.

Palipotangazwa eneo la kuamua haki za ardhi chini ya sheria ya mwaka 1968, majina huwa mengi zaidi. Sheria hiyo yataja afisa wa kuonyesha mipaka, afisa wa kupima, na afisa wa kuandika madai, wote chini ya afisa mmoja mkuu wa uamuzi. Wazee wengi humwendea yule mwenye darubini wakamlalamikia kwamba jirani amewaingilia, naye hana uwezo wa kuamua. Yeye hupima alichoonyeshwa. Mahali pa kulalamika ni kwa afisa wa uamuzi, tena kwa maandishi, katika muda wa siku 60 tangu kutangazwa kwamba daftari pamoja na ramani ya mipaka viko wazi kutazamwa. Asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 60 nyingine za kukata rufani kwa Waziri. Siku hizi huisha upesi, hasa kwa mtu aliye kazini Mombasa au Diani ambaye hana habari kwamba ramani imebandikwa nyumbani.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: ramani ya mashamba iliyo katika ofisi ya ardhi si lazima iwe hakimu wa mpaka. Sheria ya uandikishaji ardhi ya mwaka 2012 yasema katika kifungu cha 18 kwamba ramani huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ilipoandikwa daftarini kwamba mpaka umethibitishwa kwa kipimo kamili. Maana yake, ule ua wa minyaa, ile njia ya ng'ombe, ule mstari wa mikonge ambao jirani wawili wameuheshimu miaka mingi, waweza kuwa ushahidi ulio bora kuliko wino. Ugomvi wa mpaka wa namna hiyo hupelekwa kwanza kwa msajili wa ardhi, si mahakamani. Naye msajili hufika shambani pamoja na mpima, akasikiliza pande zote. Ajabu iliyoje, kwamba sheria yenyewe imekiri kuwa "cartographer" anaweza kukosea kwa unene wa kalamu yake! Mstari wa nusu milimita katika ramani ya kipimo cha moja kwa 50,000 hufunika ardhi ya mita 25.

Ramani hizo za moja kwa 50,000, ambazo sentimita mbili zake ni kilomita moja, zilitokana na kazi kubwa iliyoanza mwaka 1946, Uingereza ilipounda idara ya kupima makoloni yake chini ya Bwana Martin Hotine. Ndege zilipiga picha kutoka juu, na karatasi nyingi za Kenya zikachorwa huko huko Uingereza. Picha ya ndege, hata ikiwa safi namna gani, haisemi jina la kijito. Ilibidi mtu aende kwa miguu akaulize, na aliyejibu ndiye aliyeandika ramani, ingawa hakushika kalamu. Karatasi hizo zingali na faida, lakini atakayezitumia pamoja na simu na aangalie: zilitegemea hesabu ya umbo la dunia iliyoitwa Arc 1960, ilhali simu hutumia hesabu nyingine. Nambari za mahali palepale zikilinganishwa bila kugeuzwa, huachana kwa mita 300 na zaidi katika sehemu zetu. Umbali huo watosha kulihamisha shamba zima.

Siku hizi limeingia neno la nne, "mapper". Huyu ni mtu wa kawaida anayetia habari za mahali pake katika ramani ya wote kwa hiari yake. Vijana wa Kibera walifanya hivyo mwaka 2009, kwa sababu mtaa wao wenye watu wengi ulionekana katika ramani kama uwanja mtupu. Huko Dar es Salaam kazi iliyoitwa Ramani Huria ilianza mwaka 2015, na wanafunzi pamoja na wenyeji wakaandika mitaro na mabonde yafurikayo maji. Baadhi ya mabingwa wa Kiingereza hawapendi "mapper" aitwe "cartographer", wakisema hana hukumu ya kuchagua. Mimi naona wamekosa kidogo. Mwenyeji akiandika "kisima" pale ambapo ramani ya zamani iliandika "jangwa", amekwisha kuchagua.

Je, tumwite nani kwa Kiswahili? "Mpima ardhi" latosha kwa "surveyor", na lafaa kuliko saveya. "Mchora ramani" kwa "cartographer" lina taabu yake, kwa sababu watu wetu huliita hilo hilo kwa yule achoraye ramani ya nyumba. Tena kuchora ni sehemu ndogo tu ya kazi. Ningependa "mtunga ramani", kama tusemavyo mtunga mashairi, kwa kuwa wote wawili hupanga, hupunguza na kuchagua majina. Wenye lugha na watazame kama linafaa.

Na majina ya mahali yataka mtunzi mwangalifu. Kenya ina Samburu mbili: hii yetu ya Kwale, na ile kaunti ya kaskazini yenye Maralal na mbuga ya wanyama. Mgeni aliyeko Ulaya akitafuta jina hilo huletewa tembo na twiga, wala haletewi kituo cha reli. Katika ramani ya nchi nzima iliyo ndogo, yenye nafasi ya jina moja tu, Samburu ya kaskazini ndiyo huandikwa na yetu huachwa. Katika karatasi kubwa za moja kwa 50,000 tumo, pamoja na reli na vijito. Anayetaka kuziona, zimekuwa zikiuzwa na idara ya upimaji, Survey of Kenya, katika ofisi zake za Ruaraka, Nairobi.